Kompyuta ya Sauro Haitumwi kwa Posta

Brisighella, 14 Januari 2019

Luana,

Huna adabu. Nakuambia mapema ili usije ukasema hukuambiwa. Tangu lini mtoto wa nyumba hii anatuma mwanamume mgeni mlangoni kwangu, saa ya chakula, bila kuniandikia hata mstari mmoja? Nafungua mlango nikiwa na unga mpaka kwenye viwiko, namkuta Mwingereza mrefu kama nguzo ya umeme, ameshika karatasi yenye mwandiko wako, anachekacheka kama muuza mazulia. "Kompyuta, mama. Kompyuta ya Bwana Sauro." Hayo ndiyo maneno yote aliyoyajua ya lugha yetu. Nikamwambia, "Bwana Sauro amekufa, na wewe toa hayo matope kwenye kibaraza changu." Hakuelewa. Nikamwonyesha ufagio. Ufagio aliuelewa.

Sasa nisikilize. Kompyuta ya babu yako haipo. Niliitupa mwaka ule ule aliokufa, pamoja na viatu vyake vya kazi na lile koti lililokuwa likinuka oili. Usiniulize tena, wala usinitumie watu.

Lakini kuna kitu kimenikaa kichwani tangu aondoke yule mrefu, na kwa kuwa kwenye simu sisikii, utanijibu kwa barua, tena kwa herufi kubwa. Hivi huko Uingereza mnatengeneza magari, au mnakusanya takataka za wajane? Kompyuta mpya zimejaa madukani. Hata padre anayo. Ya nini ile ya zamani, nzito kama tofali? Na gari linataka kompyuta ya nini ili liwake? Baba yangu alikuwa na trekta. Ulikuwa unazungusha chuma mbele, unalitukana, linawaka.

Nilisoma mpaka darasa la tano tu, lakini swali langu ni la maana. Lijibu.

Unakula? Nasikia huko wanachemsha kila kitu.

Bibi yako,
Nives Zauli


Towcester, 23 Januari 2019

Shikamoo Bibi,

Nimekosa. Yule ni Neville, fundi mwenzangu. Alikuwa anapita Bologna kuchukua gia, nikampa ile karatasi harakaharaka nikidhani jirani yako Derna ameshakufikishia ujumbe wangu. Anakuomba radhi kwa matope.

Sikukuambia habari zenyewe kwa sababu nilitaka nikwambie kazi ikiwa imekwisha. Bibi, gari ni la babu. Lile gari la mbio za Formula, la timu ya Lamone, la manjano, namba thelathini na moja, ambalo yeye ndiye aliyekuwa fundi wa injini yake. Limeletwa karakanani kwetu ndani ya trela. Nilipoinua kifuniko cha injini nikakuta nyaya zimefungwa kwa uzi mwekundu, kwa fundo lile alilotumia kufungia soseji hapo nyumbani. Nilikaa sakafuni pale pale. Clive, bosi wangu, alidhani nimeanguka.

Sasa swali lako. Injini hii ikiwa ya baridi haizunguki kabisa. Vyuma vyake vimebanana mno, ukilazimisha unaivunja. Kwa hiyo tunaunganisha mabomba na kupitisha maji ya moto ndani yake, mpaka vyuma vitanuke na kupeana nafasi. Ukiigusa ina joto kama ubavu wa ng'ombe. Ndipo tunaizungusha polepole kwa mota ya nje, oili ifike kila mahali. Halafu tunaomba ruhusa ya kuiwasha. Anayetoa ruhusa ni kisanduku cha chuma kilicho ubavuni mwa gari. Ndicho kinachoiambia injini lini ipokee petroli na lini itoe cheche. Na kisanduku hicho hakina kitufe wala kioo. Kinasikilizana na kompyuta ya aina moja tu, ile waliyokuwa nayo Lamone enzi hizo, kwa programu aliyoiandika Fosco, mtu wa umeme, rafiki wa babu. Fosco naye ameshafariki.

Kilichotuponza ni usafi wetu. Kwenye kazi hii hatungoji kitu kiharibike. Kila bolti ina umri wake, na ukitimia inatolewa hata kama bado inang'aa. Neville akafungua visanduku vyote viwili, cha garini na cha akiba, akakuta ndani vibetri vya zamani. Akavitoa, akaweka vipya, akaenda kunywa chai ameridhika. Kumbe kisanduku kilikuwa kinakumbuka mambo yake kwa nguvu ya kile kibetri. Kilipotolewa kikasahau kila kitu. Sasa tuna visanduku viwili vizima, visafi, ambavyo havijui kama vimewahi kuona injini. Ni ile kompyuta tu inayoweza kuvifundisha upya.

Na mwenye gari hana subira. Ni Mswisi, Bwana Aebischer. Mwishoni mwa Aprili kuna siku ya magari ya zamani kwenye uwanja wa mbio wa Imola. Gari likikimbia Imola, litabaki kuwa gari. Lisipokimbia, atalitoa injini na kulitundika ukutani kwenye mapokezi ya hoteli yake mlimani.

Uliitupa wapi, Bibi? Nani aliichukua? Hata kama imevunjika, niambie.

Mjukuu wako,
Luana


Brisighella, 2 Februari 2019

Mke mwenzangu,

Ukutani! Kama kichwa cha nguruwe mwitu! Watu wanakuja na masanduku yao, wanapokea funguo za vyumba, wanainua macho, "Oo, pazuri hapa," halafu wanakwenda kuteleza kwenye theluji. Na ndani hamna kitu. Wamelitoa matumbo. Mwambie huyo Mswisi wako atundike mama yake.

Na huyo Neville. Alitoa kitu kizima kinachofanya kazi kwa sababu kimezeeka? Mwambie asirudi hapa, asije akaniona na mimi.

Kompyuta ilichukuliwa na yule wa vyuma chakavu wa Marradi, mwenye lori la bluu. Naye ameshakufa, kwa hiyo usihangaike kumtafuta.

Haya, niambie habari za maji. Mnayachemshia wapi, kwenye sufuria? Injini inayanywa au yanapita tu? Nani anashika bomba? Na mnajuaje kwamba imetosha, mnaiwekea mkono kama unavyompima mtoto homa? Sauro alikuwa ananiambia, "Mke wangu, leo nimemwogesha bibi mkubwa kwa maji moto kabla hajaamka," nami nikidhani ananitania ili nikasirike. Nilikuwa nakasirika kweli. Kumbe alikuwa ananieleza kazi yake.

Na ikiwaka inaliaje? Usiniambie "kwa nguvu." Hata punda analia kwa nguvu.

Jambo jingine. Usimtume Derna aniletee simu yake baada ya chakula cha mchana. Saa hizo nina shughuli.

Nives


Towcester, 21 Februari 2019

Shikamoo Bibi,

Maji yanachemshwa kwenye tangi lenye pampu. Yanapita tu, injini haiyanywi. Bomba nashika mimi, kwa sababu nimekataa mtu mwingine asilishike. Tuna kipimo cha joto, lakini Clive huweka mkono vilevile. Anasema kipimo kinaweza kudanganya.

Sauti siwezi kukueleza, kwa maana sijawahi kuisikia. Hapa aliyewahi kuisikia ni Clive peke yake, zamani, akiwa ng'ambo ya uwanja. Nilipomuuliza akasema, "Ilinigusa kwenye meno."

Tumepata kompyuta ya aina ile ile huko Poland, kwa mwalimu mstaafu. Nilifurahi bure. Umbo ni lile lile, lakini programu ya Fosco haimo. Na tumesikia kwa mtu aliyewahi kufanya kazi Lamone kwamba hata ingekuwemo isingefunguka, kwa sababu Fosco aliitengenezea plagi yake maalumu ya kuchomeka nyuma ya kompyuta, ya kijivu, kama kiberiti. Bila hiyo programu haimtambui mtu.

Clive amelisukuma gari kwenye kona na kulifunika turubai. Jana umefika mchoro wa vyuma vya kulitundikia. Wamechora na taa za kulimulika kwa chini. Nimeutazama, nikaenda nje.

Hukumbuki kuona plagi kama hiyo popote? Kwenye droo, kwenye kopo la misumari?

Luana


Brisighella, 1 Machi 2019

Luana mwanangu,

Ni mimi Derna Casadio, jirani wa bibi yako, ukuta kwa ukuta. Mimi si mmbea, unanijua. Lakini nilisoma ujumbe ulionitumia kwenye simu kuhusu ile plagi ya kijivu, na tangu siku hiyo chakula hakipandi.

Kompyuta ipo. Iko jikoni kwa bibi yako, kwenye meza ndogo karibu na jiko la kuni, na akimaliza nayo anaifunika kitambaa cha kufuma kama mkate unaoumuka. Kila siku akishaosha vyombo vya mchana anafunga dirisha, na mimi nasikia: "Weka karata, mwizi wewe! Umekalia turufu tena? Na safari hii utaila mbichi!" Mwanzoni nilidhani amepata bwana. Nikafurahi kwa ajili yake, nikachungulia. Hakuna bwana. Ni yeye na ile mashine, na anaiita Sauro. Kile kiberiti cha kijivu kimechomekwa nyuma yake, nimekiona kwa macho yangu.

Nilimuuliza kwa nini anamficha mtoto. Akaniambia: "Wakiichukua wataifungua, maana ndiyo kazi yao, hawawezi kuona kitu kimefungwa. Wakimaliza kuifunga haitanijua tena, kama vile visanduku vyao." Kisha akanikataza kusema.

Nami sijasema. Nimeandika.

Derna


Towcester, 9 Machi 2019

Shikamoo Bibi,

Leo sina habari, nina swali la kazi tu. Tuseme kuna mjane mmoja, huko milimani kwenu, ambaye ana kompyuta ya zamani kama ile ya babu. Tuseme anacheza nayo karata. Ungemwambia nini?

Mimi ningemwambia hivi. Asiitume kwa posta hata akiombwa kwa magoti. Asimruhusu mtu yeyote aishike na bisibisi, hata mjukuu wake. Asiichomoe betri.

Ningemwambia na ukweli, maana mjane huyo hapendi kudanganywa. Mashine hiyo imezeeka. Kila anapoiwasha inaweza kuwa mara ya mwisho, iwe anaiwasha kwa ajili ya karata au kwa ajili ya injini. Tunaweza kunakili mchezo na kuuweka kwenye kompyuta mpya kabla hatujagusa kitu kingine. Lakini ile programu ya injini hainakiliki, inaitaka ile plagi na ile ile mashine. Na siwezi kumwahidi kwamba kazi ikiisha mashine yake itakuwa bado inapumua. Akiniuliza mara kumi nitamjibu hivyo hivyo mara kumi.

Sitamwomba aitoe, Bibi. Namwomba aniambie tu kama ipo, ili niache kutafuta. Huku wameshaagiza vile vyuma vya ukutani.

Luana


Brisighella, 17 Machi 2019

Luana,

Derna nimeshamshughulikia. Nilimpelekea kapeleti zake, vile vitambi vya kukunja na jibini ndani, kama kila Jumapili, lakini bila mchuzi. Atakumbuka.

Na huyo mjane wako wa milimani ana akili kuliko wewe, kwa hiyo acha kumfundisha. Ndiyo, ipo. Nilikudanganya na ningekudanganya tena kesho. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mnaniandikia barua kwamba mlitoa kibetri kimoja na kisanduku kikasahau maisha yake yote, halafu mnaniomba niwape Sauro!

Usinione nimeharibikiwa akili. Najua kwamba Sauro yuko makaburini, nampelekea maua mwenyewe. Mchezo waliutengeneza yeye na Fosco. Alikuwa akisema kazi yao ni kungoja. Wanangoja mvua, wanangoja dereva, wanangoja vipuri, halafu dakika moja ya kelele, halafu wanangoja tena. Basi wakicheza karata, Fosco akawa anaangalia Sauro anavyocheza na kuifundisha mashine. Ndiyo hiyo. Inakalia turufu mpaka inaiozea mkononi. Ikipata ree, ile karata kubwa, haivumilii, inaitupa mapema kama mtoto aliyevaa shati jipya. Na kabla ya kutupa karata inanyamaza, inasagasaga kitu huko ndani, trrr, trrr, kama yeye alivyokuwa akisugua kidevu chake kisichonyolewa. Hakuna mwingine aliyebaki duniani anayecheza karata vibaya namna hiyo.

Sasa nitakuambia kitu, na usimsomee Neville. Miaka yote ile mimi sikuwahi kwenda kwenye mbio. Wake hatukwenda. Hakuna aliyetukataza, hakuna aliyetualika. Imola iko hapa, ukipanda kilima changu unauona moshi wa mji, lakini Jumapili sisi tulikunja kapeleti na wao walikuwa huko. Kwenye televisheni nilikuwa naona magari yanazunguka, nazima, nakwenda kuwapa kuku chakula. Alikuwa anarudi Jumatatu ana macho mekundu. Namwita mezani hajibu. Namwita tena hajibu. Nikajisemea, mwanamume huyu moyo wake uko kwingine.

Nawe unaniandikia kwamba huyo mwenzangu yuko kwenye kona, amefunikwa turubai, anangoja kutundikwa ukutani bila matumbo. Nilipaswa kucheka. Nimejaribu kucheka. Lakini tangu ulipoandika habari za yale maji ya moto sina raha. Najiuliza: ni kitu gani hicho kinachoogeshwa kabla hakijaamka? Kinafananaje kikifumbua macho? Nimeishi nacho nyumba moja maisha yangu yote na sikijui hata sauti.

Basi sikiliza. Kompyuta haitumwi kwa posta, haiendi Uingereza, haitoki jikoni kwangu. Ninyi ndio mtakuja. Mtalileta gari hapa uwanjani, penye sakafu ya saruji, pale tunapokanyagia zabibu. Waya utapita dirishani. Kwanza mtanakili karata mbele ya macho yangu, na nicheze mzunguko mmoja baada ya kunakili nione kama yeye bado ni yeye. Ndipo mtauchomeka huo waya wenu. Ninayebonyeza ni mimi, wewe unanionyesha kwa kidole bila kugusa. Neville avue viatu.

Mkiiua, mmeiua. Nitakuwa nimeiona.

Nives


Lugano, 11 Aprili 2019

Shikamoo Bibi,

Mpaka sasa mikono yangu inanuka moshi wa uwanja wako, na sitaki kuiosha. Clive bado anawasimulia watu. Anawaambia amefanya kazi na madereva, na wakurugenzi, na wana wa wafalme, lakini hajawahi kumwogopa mtu kama yule bibi aliyeketi jikoni na aproni, kidole juu ya kitufe, akiuliza, "Mko tayari au mnanipotezea kuni?"

Nilitaka kukuuliza siku ile na sikuthubutu. Injini ilipozimwa ulisimama dirishani bila kusema neno, halafu ukaenda kuweka maji ya kupikia. Wewe, bila neno! Neville alidhani umekasirika. Je, ulikasirika?

Habari kubwa ni hii. Bwana Aebischer aliisikia injini ikilia kupitia simu ya Clive, akaendesha gari usiku kucha kuja kutupokea mpakani. Hoteli itatundika picha. Gari litakwenda Imola, Jumamosi ya tarehe 27.

Lakini kuna jambo, na usinijie juu. Kisanduku kimejifunza upya na kinakumbuka, ila kila tunapotaka kuwasha ni lazima kompyuta iwepo ili kitoe ruhusa. Ile programu, kama nilivyokuambia, hainakiliki. Kwa hiyo gari na kompyuta sasa haviachani. Bwana Aebischer anaomba umuuzie. Anasema utaje bei unayotaka wewe. Nimemwambia nitakuuliza, basi, sikumwahidi lolote. Ukikataa, tutalikabidhi likiwa limenyamaza, na sijui atafanya nini.

Najua tunakuomba kitu gani. Angalau karata zako zimo kwenye ile kompyuta mpya tuliyokuachia. Zinakwendaje?

Luana


Brisighella, 16 Aprili 2019

Mke mwenzangu,

Karata zinakwenda vibaya. Ile kompyuta yenu mpya ni nyembamba, nzuri, haina joto, na mchezo ni ule ule, turufu inakalia, ree inatupa. Lakini inajibu kabla sijaondoa mkono mezani. Naweka karata, pwaa, na yake ipo tayari. Haifikirii. Sauro hajawahi kunijibu haraka namna hiyo tangu siku ya posa. Nimecheza mara chache nikaifunika. Padre akitaka nimpe yeye.

Ile ya zamani bado nzima. Iliposhindwa kufunguka asubuhi baada ya ninyi kuondoka nilikaa nayo, nikangoja, sikuipiga. Baadaye ikafunguka yenyewe. Sasa najua kwamba siku moja haitafunguka, na uliniambia, na sitakulaumu.

Unaniuliza kama nilikasirika. Nilijiandaa kukasirika, hilo kweli. Nilikaa pale nikatazama mnavyoiogesha, nikaona mvuke, nikaona ulivyoweka kiganja na kufumba macho, nikasema moyoni, haya, tumwone. Halafu nikabonyeza. Mwanzo ilikohoa kama mvuta sigara, nikakuona umekunja uso. Kisha ikashika. Kuku walikimbilia chini ya gari la muuza mkate lililokuwa limesimama nje, na vikombe vyangu vikaanza kutembea kabatini. Derna aliziba masikio. Mimi nilikataa kuziba. Ilipopanda ile sauti, Luana, haikuingia masikioni, iliingia hapa kifuani, ikakaa. Clive hakusema uongo kuhusu meno, ila yangu ni ya bandia na bado yaliisikia.

Mlipozima, ulinisemesha. Niliuona mdomo wako unakwenda. Sikusikia neno. Nikasimama pale dirishani, uwanja umenyamaza, na kichwani mwangu bado inalia. Imelia wakati naweka maji, imelia wakati tunakula. Mlikuwa mnaniita nilete chumvi, sivyo? Nilikuona baadaye umesimama umeifuata mwenyewe.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Hakuwa amekataa kunijibu mezani. Alikuwa bado anaisikia. Miaka yote ile nilimwekea sahani yake kwa kishindo ili ajue nimeudhika, na maskini hata kishindo hakukisikia.

Kwa hiyo sikukasirika. Nilikuwa nasikiliza.

Sasa habari za Mswisi. Hapana. Siuzi. Kompyuta hii ina mwenyewe, na mwenyewe bado anakula na kutembea. Lakini gari nalo halitanyamaza kwa sababu yangu, kwa hiyo asiogope. Mwambie polepole ili aelewe: kompyuta ikitakiwa mahali, naenda nayo. Nitaiwasha, nitabonyeza, gari litakwenda, nitaifunika na kurudi nayo nyumbani. Kazi hiyo nimeshaijua na sihitaji kufundishwa tena. Na mkiwa mnangoja mvua au dereva, nitacheza karata, nani atanikataza?

Halafu kuna jambo moja mlilonifanyia nusu. Mliliwasha limesimama. Nimelisikia, sijaliona likienda. Derna anasema likipita halionekani, unaona rangi ya manjano tu na vumbi. Nani amwamini Derna? Kitu kinacholia hivyo kikiwa kimefungwa kikiachiwa kinafanyaje? Kinalia zaidi au kinanyamaza kwa raha? Kinapinda kona bila kuanguka? Na kwa nini Sauro alikuwa anasema kwamba ukiwa pembeni unalijua kama liko zima kabla hujaliona? Nataka kusimama pembeni.

Basi utafanya hivi. Tarehe 27 asubuhi utakuja kunichukua wewe mwenyewe, na gari lenye kiti cha mbele, sipandi nyuma. Kompyuta itakaa mapajani mwangu, na usipite ile barabara ya mashimo ya kando ya mto. Umwambie Clive anitafutie kiti chenye mgongo, karibu na kona, si mbele ya skrini, skrini ninayo nyumbani. Derna anakuja pia, kwa sababu nisipomchukua nitasikia habari zake mpaka kufa. Muwekee pamba za masikio. Kapeleti nakunja mimi, za watu wote, hata Neville. Na huyo Mswisi mwambie maji yawe yameshapata moto kabla sijafika.

Nives Zauli